Udhibiti wa maudhui ya taharuki mitandaoni (Tanzania)

Udhibiti huu ni jumla ya sheria, kanuni na hukumu zinazogusa picha, video na habari za kushtua ambazo watumiaji wenyewe huzirusha Facebook, Instagram, TikTok au WhatsApp, mara nyingi kwa kutafuta kiki. Msimamizi wake mkuu ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kiliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayesambaza taarifa za uongo. Juni 2016 mahakama mjini Arusha ilimpa mkazi mmoja chaguo la faini ya milioni 7 au miaka 3 jela kwa kumkejeli Rais Magufuli kwenye Facebook. 

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilikataza picha za damu, majeraha na watu wakiuawa. Katazo hilo ni la haki kabisa. Ajali ya barabarani ya Ngaramtoni, karibu na Arusha, iliua watu 25 Februari 2024. Katika msiba wa namna hiyo ndugu wanastahili kupata habari kutoka hospitali au polisi, si kupitia picha ya maiti kwenye simu. Kasoro ni kwamba orodha hiyohiyo ilikataza pia maudhui "yanayoudhi", ikaweka mwili wa marehemu na neno chungu kwa kiongozi katika kapu moja.

Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, iliamua 28 Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya uchochezi na habari za uongo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hukumu hiyo haikugusa kanuni za mtandao, lakini kipimo chake cha katazo lisiloeleweka kinazifaa.

WhatsApp ni ngumu zaidi, kwa kuwa ujumbe husomwa na waliomo tu. Humo anayeweza kuiondoa picha mara moja, mbali na aliyeituma, ni admini wa kundi: tangu 2022 ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote.