Stakabadhi Zikiibwa Garini: Uanzie Wapi?

Gari likikufia njiani, macho ya wote waliomo huenda kwenye boneti, tairi au redieta, na hapo ndipo mlango wa upande wa pili hufunguliwa. Mwizi hana haja ya kuvunja kioo. Humngoja tu dereva ashuke.

Mkoba na pesa zilizomo huuma siku hiyo, kisha mtu husahau. Kitambulisho, hati ya shamba na kitabu cha gari vina uwezo wa kukuuma mwaka mzima, kwa sababu vinaweza kutumiwa kwa jina lako wewe ukiwa umelala. Kwa hivyo nimeandika hatua hizi kwa mpangilio wa hatari: linaloweza kukudhuru haraka zaidi linatangulia.

Gari likikwama

Ukiweza, lisogeze hadi kituo cha mafuta au mahali penye watu. Washa taa za hatari na uweke pembetatu zako mbili, kila moja kiasi cha mita 50 kutoka gari, mbele na nyuma. Kabla ya kugusa jeki, pandisha vioo, funga milango yote na utembee na ufunguo. Kama mko wawili, mmoja afanye kazi na mwengine asimame upande wa pili wa gari.

Jihadhari na mtu wa pikipiki anayekuashiria kwamba tairi inayumba au gari linavuja mafuta. Huenda anasema kweli, huenda ni njama. Punguza mwendo, endelea polepole mpaka penye watu, ndipo ushuke. Na unapofunga gari kwa rimoti, vuta mpini wa mlango uhakikishe umefunga, kwani wako wenye vyombo vya kuzuia mawimbi ya rimoti.

Saa ya kwanza: laini na benki

Kama simu imekwenda na mkoba, azima ya mwenzako upige 0722 002 100 uifunge laini ya Safaricom na M-Pesa yake. Kisha piga benki wafunge kadi.

Kama simu umebaki nayo lakini kitambulisho kimekwenda, bado kuna hatari: mtu anaweza kukitumia kubadilisha laini yako. Bonyeza *100*100# ili laini yako ya Safaricom isibadilishwe na wakala, ila dukani kwao pekee. Bonyeza pia *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, waarifu. Rudia baada ya wiki chache.

Kituo cha polisi

Nenda siku hiyo hiyo. Taarifa iandikwe kwenye kitabu cha matukio, upewe namba ya OB, kisha abstrakti. Abstrakti haina malipo.

Soma kilichoandikwa kabla hujaondoka. Mimi niliibiwa mkoba tukibadilisha tairi kando ya barabara ya Malindi, nikitoka kwa wakili na karatasi za mirathi ya marehemu baba. Kituoni, ambacho sitakitaja, afisa aliandika kwamba mkoba na vilivyomo vimepotea. Nilimwomba kwa adabu aandike “vimeibwa”, na ataje kila stakabadhi kwa jina na namba yake. Ilichukua nusu saa na uso wa kununa, lakini abstrakti hiyo moja ndiyo niliyotembea nayo ofisi zote zilizofuata bila kurudishwa. Ofisi ya ardhi haitosheki na neno “mkoba”. Inataka namba ya shamba. NTSA nao wanataka namba ya gari.

Toa nakala kadhaa, na ile halisi usiiache kwenye kaunta ya mtu.

Kitambulisho, leseni na kitabu cha gari

Ombi la kitambulisho badala ya kilichopotea hupelekwa ofisi ya usajili wa watu au Huduma Centre. Ya Mombasa iko jengo la Posta, barabara ya Digo, na kila kaunti ya Pwani ina yake. Beba abstrakti, na nakala ya kitambulisho cha zamani ikiwa unayo. Namba yako haibadiliki, na alama zako za vidole tayari ziko serikalini. Huombi uraia upya. Ukiambiwa ulete vyeti vya babu, uliza kwa upole sharti hilo limeandikwa wapi.

Leseni na kitabu cha gari huombwa NTSA, kupitia akaunti yako ya eCitizen. Ukisubiri, tembea na abstrakti pamoja na risiti ya ombi. Gari likiwa na mkopo na jina la benki limo kitabuni, ishirikishe benki tangu mwanzo.

Hati ya shamba

Hapa ndipo watu wetu huogopa zaidi, na tuna sababu. Lakini elewa jambo moja: umiliki uko kwenye daftari la msajili wa ardhi, na ile karatasi ni ushahidi wake tu. Mwizi wa hati hajawa na shamba. Hatari ni aitumie, pamoja na kitambulisho chako, kumdanganya mnunuzi au mkopeshaji.

Mwandikie msajili wa kaunti ilipo ardhi, uambatishe abstrakti, na umwombe aweke kizuizi kwenye daftari. Fanya upekuzi rasmi wa shamba hilo sasa, na urudie baada ya miezi michache. Kisha omba hati badala. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 33, inataka kiapo cha kueleza ilivyopotea na tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na hati mpya haitoki kabla ya siku 60 kupita. Anayekuahidi kuitoa kwa wiki moja, mkimbie. Na ikiwa hati yako ni ya zamani, iliyotolewa chini ya sheria ya ardhi ya Pwani ya 1908, mtafute wakili kabla ya kujaza fomu yoyote.

Vyeti vingine

Cheti cha PIN ya KRA unakichapisha upya kutoka iTax. Vyeti vya kuzaliwa na vya kifo huombwa kupitia eCitizen. Vyeti vya mitihani ni vya KNEC, na ombi hupitia mfumo wao wa QMIS. Hukumu ya mirathi huombwa nakala kwenye Mahakama ya Kadhi iliyoitoa, ukiwa na namba ya kesi.

Baada ya miezi miwili au mitatu, omba ripoti yako ya mikopo kwa kampuni za CRB. Una haki ya kupata moja bure kila mwaka kutoka kila kampuni. Humo utaona kama kuna aliyekopa kwa jina lako.

Akipiga simu “aliyeziokota”

Wezi wengi hutupa karatasi wasizoziwezea. Angalia vichakani karibu na tukio, waulize vijana wa bodaboda, na uwaombe msikitini na redio za hapa wakutangazie. Lakini mtu akikupigia akitaka nauli kwanza kwa M-Pesa, mwambie mkutane kituo cha polisi. Muungwana hatakataa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Dereva anatakiwa awe na leseni. Kitabu cha gari la kibinafsi hakina kazi garini, na nakala yatosha. Hati ya shamba itoke siku ya kazi yake tu, na isitengane na mwili wako. Piga picha kila stakabadhi, mbele na nyuma. Andika namba zote kwenye karatasi moja, uitie kwenye bahasha nyumbani, na mtu mmoja wa nyumbani ajue ilipo, ili ukiwa kituoni umpigie akusomee.