Elimu ya Kujitegemea

Elimu ya Kujitegemea ni falsafa ya elimu iliyotangazwa Tanzania na Rais Julius K. Nyerere mwezi Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, kwa makusudi ya kubainisha ni raia wa namna gani ambaye shule ilipaswa kumlea. Kwa kuwa elimu ya kikoloni iliwatenga wanafunzi na jamaa zao na kuwatia tamaa ya kazi za afisini, waraka wa Nyerere ulihimiza kila shule iwe na shamba au karakana, ili wanafunzi, wakilima na kushauriana wenyewe juu ya matumizi ya mapato, wajifunze ushirika, usawa, udadisi na kuiheshimu kazi ya mikono. Elimu ya msingi nayo ilikusudiwa iwe kamili kwa nafsi yake, maana wengi hawakupata nafasi ya sekondari.