Hisabati ya Entebbe na Deni kwa Mwalimu

Mwaka 1962, mwaka uleule Uganda ilipopata uhuru, wanahisabati na walimu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria. Walikuja kuandika upya vitabu vya hisabati vya shule za Kiafrika. Mwenyekiti wao alikuwa William Ted Martin wa chuo cha MIT, na fedha zilitoka Marekani. Katika miaka iliyofuata, vitabu vilivyoitwa "Hisabati ya Entebbe" vilijaribiwa katika madarasa kuanzia Ghana na Nigeria hadi Ethiopia na Kenya.

Chanzo cha harakati hizo kilikuwa mbali. Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha angani satelaiti ya Sputnik, na Marekani ikahofu kwamba shule zake zimeachwa nyuma. Mwaka 1958 mwanahisabati Edward Begle alianza kuongoza mradi mkubwa wa kubadili somo la hisabati huko. Mwaka 1959, katika mkutano wa Royaumont nchini Ufaransa, mwanahisabati Jean Dieudonné alitaka jometri ya Euklidi iondolewe shuleni. Mageuzi hayo, yaliyoitwa "hisabati mpya", yalileta seti, matriki, vekta na besi mbalimbali za namba. Nia yalikuwa nayo njema: mtoto aache kukariri kanuni, aelewe kwa nini kanuni inafanya kazi.

Nia hiyo ilikwama darasani. Walimu wengi walikutana na seti kwa mara ya kwanza pale walipotakiwa kuzifundisha. Mzazi aliyezoea kumsaidia mwanawe kujumlisha na kugawanya alifungua daftari asielewe chochote. Mwalimu asiyejua sababu ya somo hana budi kulikaririsha, hivyo ukaririshaji uliofukuzwa mlangoni ukarudi kupitia dirishani. Marekani kwenyewe, mwanahisabati Morris Kline aliandika kitabu cha kuishutumu hisabati mpya mwaka 1973. Nigeria iliifuta mwaka 1977, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 1981.

Wengi walihitimisha kwamba seti ndizo zilizokuwa na kosa. Mimi nasema kosa lilikuwa kuandaa vitabu kabla ya kumwandaa mwalimu, na kudhani kwamba mtoto wa Kiafrika huingia darasani akiwa hana hisabati yoyote.

Tazama mchezo wa bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji huanza kunamua akiwa na kete 22 mkononi. Kabla hajaigusa kete, ameshahesabu itakapolala na shimo litakaloliwa. Tazama pia mirathi ya Kiislamu. Mume akifariki na kuacha mke, mama, baba na watoto wa kiume na wa kike, mke hupata thumuni, mama sudusi na baba sudusi. Kigawe kidogo cha shirika ni 24: mke ana 3, mama 4, baba 4, na 13 zinazobaki ni za watoto. Hesabu za namna hiyo zimo katika kitabu cha mwanahisabati al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 9, ambacho ndicho kilichotupa neno aljebra. Thuluthi, robo na ushuri ni maneno yaliyokuwa vinywani mwa watu wa pwani kabla shule ya kikoloni haijafika.

Nchini Msumbiji, mwanahisabati Paulus Gerdes aliijenga kazi yake juu ya hazina ya aina hiyo. Alionyesha kwamba mjenzi wa kijijini anayetumia kamba mbili za urefu sawa, zilizofungwa pamoja katikati, hupata msingi wa nyumba wenye pembe mraba. Hapo pana ukweli wa jometri: pembenne ambayo mishazari yake ni sawa na hukatana katikati ni mstatili. Mwalimu anayeanza na kamba hizo hufika kwenye uthibitisho akiwa na darasa zima nyuma yake.

Leo tumerudi mezani kupanga mitaala. Tanzania ilianza kutekeleza mitaala iliyoboreshwa Januari 2024. Kenya, mwaka 2025, ilijadili kama hisabati iwe somo la hiari katika sekondari ya juu, kisha ikaamua ibaki ya lazima. Katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania, kwa miaka mingi takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano amefaulu hisabati. Kuhamisha mada kutoka kidato kimoja hadi kingine hakutalitibu jeraha hilo.

Wanaopanga mitaala waisome historia ya Entebbe kabla hawajachapa kitabu kingine. Waanze na mwalimu: apewe muda wa kujifunza, lugha anayoimudu pamoja na wanafunzi wake, na ruhusa ya kuingiza bao na kamba darasani. Mwalimu akielewa, kitabu chochote kizuri kitamfaa. Asipoelewa, hata kilichoandikwa na mabingwa wa dunia kitabaki kabatini.