Kisima cha Nyumbani katika Miji ya Mawe ya Pwani

Nyumba nyingi za mawe za Lamu, za aina iliyoshamiri katika karne ya 18, zilikuwa na kisima chake, ambacho kilichimbwa kandokando ya kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa, ili wanawake wa nyumba za waungwana wasilazimike kutoka njiani kutafuta maji. Kisima hicho kilijengewa kuta za mawe ya matumbawe, na kukitunza kulikuwa kazi ya uangalifu kuliko ya nguvu.

Sababu yake iko chini ya ardhi. Mvua inayozama mchangani haichanganyiki mara moja na maji ya bahari, bali huelea juu yake kwa kuwa ni nyepesi zaidi, na hivyo kufanya tabaka la maji baridi, kama watu wa pwani wanavyoyaita maji yasiyo na chumvi. Kanuni inayoitwa kwa majina ya Badon Ghyben na Herzberg inaeleza kwamba kila mita moja ya maji hayo iliyo juu ya usawa wa bahari hukaa juu ya takriban mita 40 nyingine zilizo chini ya usawa huo, kwa hiyo anayeteka kwa pupa hadi uso wa maji ukashuka hupandisha chumvi kwa kasi kubwa zaidi kutoka chini. Wenye nyumba hawakuihitaji hesabu hiyo, kwa kuwa ulimi uliwatosha: mwishoni mwa kaskazi, kabla ya mvua za masika, maji yaliwaonjesha wenyewe hali ya kisima.

Msimu huohuo wa maji machache ndio uliofaa kufukua, yaani kushuka kisimani na kuzoa matope na mchanga uliojikusanya, kazi iliyokuwa ngumu zaidi masika yalipokwisha kukijaza. Maji yaliyotekwa yalimiminwa katika birika, tangi la mawe lililopakwa chokaa, na kuchotwa kwa kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Ndani ya birika walifugwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni pake palizamishwa bakuli la kaure la Kichina, ili maji yakipungua samaki wabaki na kidimbwi chao. Jambo hili ni dogo, lakini linaonyesha utunzaji kuliko ukuta wowote.

Huko Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimbua magofu mwaka 1948, kuna kisima kilichoongezwa kina, dalili kwamba uso wa maji ulikuwa ukishuka. Wapo wanaohusisha dalili hiyo na kuhamwa kwa mji mwanzoni mwa karne ya 17. Hata hivyo, kisima kimoja ni ushahidi mwembamba mno kubeba mji mzima, na mashambulizi ya zama zile hayawezi kuwekwa kando.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni mikono iliyovuta kamba. Katika nyumba za waungwana kazi ya kuteka ilifanywa kwa kiasi kikubwa na watumwa, na utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, kazi hiyo ilibidi ilipiwe au ifanywe na wenye nyumba wenyewe. Mabomba nayo yalikuwa yamekwisha kuanza kuingia: Zanzibar, mji uliokumbwa na kipindupindu mwaka 1869 na 1870, ililetewa maji ya chemchemi wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888.

Lamu ilibaki na visima vyake kwa muda mrefu zaidi, lakini jirani wa kisima ni shimo la choo, na kadiri mji ulivyosongamana ndivyo majitaka yalivyopenya hadi katika tabaka lilelile la maji baridi. Maji ya kunywa yakaanza kutekwa katika visima vya matuta ya mchanga ya Shela, nje ya mji, huku visima vya viwandani, vile visivyofukiwa, vikiachiwa kazi ya kufulia na kuoshea. Tabaka la Shela nalo linaelea juu ya bahari, na anayelitunza sasa hayuko tena nyumbani ambako maji yanaonjwa.