Uso wa Kinamasi Kabla ya Kina Chake: Foraminifera na Historia ya Usawa wa Bahari

Rekodi nyingi za vipimamaji vya bandarini hazifiki miaka 150. Anayetaka kujua bahari ilisimama wapi kabla ya hapo hana budi kuchimba mashapo ya vinamasi vya maji chumvi na kutafuta magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja wasioonekana vizuri bila hadubini. Mwaka 1978 David Scott na Franco Medioli walionyesha kwamba viumbe hawa hujipanga kulingana na jinsi ardhi inavyofunikwa na maji: Jadammina macrescens hutawala ukingo wa juu unaofikiwa na bamvua, Miliammina fusca hustawi chini zaidi. Tangu hapo sifa zimeendea uchimbaji. Mimi nashikilia kwamba uhakika wa njia hii hutoka kwanza katika sampuli za juu, zile zinazokwanguliwa kwenye uso wa kinamasi cha leo.

Mtafiti hufuata mstari kutoka nchi kavu kuelekea majini, akipima mwinuko wa kila kituo na kuchukua sentimita ya kwanza ya udongo. Hesabu ya magamba humpa uhusiano wa kitakwimu kati ya mchanganyiko wa spishi na mwinuko, na kwa uhusiano huo ndipo husoma tabaka za kale. Kosa la kupima mwinuko juu hurithiwa na kila tabaka chini, na kaboni 14 au risasi 210 haziwezi kulisahihisha, kwa kuwa kazi yake ni kutaja umri tu.

Andrew Kemp na wenzake walipochapisha mwaka 2011 rekodi ya North Carolina, Marekani, walionyesha bahari ikipanda wastani wa milimita 2.1 kwa mwaka tangu mwishoni mwa karne ya 19, kasi isiyo na mfano katika miaka 2000 iliyotangulia. Ipo hoja kwamba ardhi ya huko inazama. Ni kweli, na watafiti waliondoa mchango huo. Lakini uzamaji unaotokana na kuyeyuka kwa barafu ya kale huenda polepole, kwa kasi inayokaribia kuwa ileile, hivyo unaweza kuinamisha mchoro mzima wa usawa wa bahari bila kuuvunja ghafla mahali pamoja. Pingamizi zito zaidi ni kwamba baadhi ya foraminifera huishi ndani ya udongo, na magamba yao huchanganyika na ya tabaka za kale. Takwimu peke yake hazilitatui hilo. Linadai sampuli za leo zichukuliwe pia chini ya uso, ili ijulikane ni spishi gani huchimba na kwa kina gani.

Tahadhari hii ya kuanza na uso wa leo inatuhusu. Mashapo ya mikoko ya Zanzibar yameshatumiwa kufuatilia bahari ya kale, lakini maji ya hapa hupanda na kushuka takriban mita 4 wakati wa bamvua, ilhali ghuba za ndani za North Carolina zina tofauti ndogo sana ya kujaa na kupwa. Spishi ileile inayotaja mwinuko kwa sentimita chache kule, hapa inaweza kuenea katika ukanda mpana zaidi. Kwa hiyo uhusiano uliokokotolewa Marekani hauazimiki. Mikoko ya Unguja inahitaji mistari yake yenyewe ya vituo, iliyopimwa mwinuko kwa makini, kabla ya nguzo ndefu ya mashapo kutolewa ardhini.