Kabla Lindi Haijawa Sehemu ya Kupiga Picha: Stori Nzito ya Njia ya Kwenda Baharini

Wikendi ikifika, vijana wa Ruangwa na Nachingwea mchongo wanaujua. Unatoka alfajiri, unashuka mpaka Nanganga, unakamata barabara ya Lindi. Mchana uko ufukweni na changu wa kukaanga, jioni unageuza. Safari ya siku moja tu, na simu imejaa picha.

Ila wadau, zamani wengi walioshuka kwenda pwani hawakurudi siku hiyohiyo. Wengine hawakurudi kabisa.

Karne ya 19, misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa ilikatiza kusini kwenda Lindi, Mikindani na Kilwa Kivinje. Ilibeba meno ya tembo, na ilibeba watu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini wale waliokwishapandishwa majahazini majina yao hakuna aliyeyaandika.

Kuanzia 1909 hadi 1913 wakaja Wajerumani kuchimba mifupa ya dinosaria kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Gari hakuna. Mamia ya vibarua walichimba, na wapagazi wakabeba mifupa vichwani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini. Leo dinosaria mmojawapo amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13. Watu wanapanga foleni kumwona. Waliombeba je? Nani anawajua?

Halafu ikaja ishu ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vitatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Ikajengwa reli toka Mkwaya, jirani na Lindi, na 1949 treni ikafika Nachingwea. Ebu fikiria: Nachingwea ilikuwa na treni ya kwenda baharini! Lakini mradi ulikwama, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautupa mkono. Bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili ya karanga ikafunguliwa 1954, karanga zenyewe hakuna. Miaka ya 1960 mwanzoni reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Katikati ya makubwa yote hayo, watu wa kawaida walikuwa na safari zao. Walishuka pwani kutafuta chumvi, kununua ng'onda, kusalimia ndugu. Hizo hazikujengewa reli wala makumbusho, lakini ndizo zilizodumu. Pembe zimeisha, karanga ziligoma, treni imeondoka. Samaki bado anauzwa na ndugu bado wanatembeleana.

Kwa hiyo ukienda Lindi Jumamosi, wewe ni mwendelezo wa hao. Piga picha zako, kula changu wako. Ila ukiwa na babu au bibi nyumbani, muulize kwanza: wao walishuka vipi? Akiondoka bila kuulizwa, na yeye ataingia kwenye orodha ya wasio na majina.