Historia ya Tairi Lisilo na Mifereji

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru hupita Gilgil, kisha hufika Kikopey, mahali panapojulikana sana na madereva kwa nyama ya kuchoma. Hapo husimama malori, mabasi na magari madogo, na mara mojamoja gari la kale lililotunzwa vema, kama vile Peugeot 404. Wenye magari ya namna hii hupenda yaonekane kama yalivyokuwa zamani, na wengine hutamani kuyavika matairi mapana yasiyo na mifereji, yaliyopata sifa katika mashindano ya Marekani. Je, matairi hayo yaifaa barabara hii? Tuitazame historia yake.

Tairi la upepo lilianza kutumika kwa wingi baada ya mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama mjini Belfast, alipolitengeneza kwa ajili ya baisikeli. Matairi ya kwanza ya motokaa yalikuwa laini, nayo yaliteleza njia ilipolowa. Kwa hiyo mwaka 1904 kampuni ya Continental ya Ujerumani ilitoa tairi la motokaa lenye michoro. Basi mifereji haikuwekwa kuwa pambo. Iliwekwa kwa sababu ya haja.

Mbona basi tairi laini lilirudi? Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa Marekani walipenda kushindana kwa magari mawili mawili, kwa mwendo wa robo maili, yaani mita 402 hivi, katika njia iliyonyoka na kukauka. Mwaka 1951 Wally Parks aliunda chama cha kuyasimamia mashindano hayo. Katika njia kavu, tairi lisilo na mifereji hugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi. Na mpira wake ukiwa mwororo, hupata moto na kuishika lami kwa nguvu. Baadaye yakatokea matairi yaliyochongwa vifereji vichache vyembamba, yapate kuonekana kuwa ya barabarani ilhali tabia yake ni ya mashindanoni. Matairi ya mtindo huo hutengenezwa hata leo kwa wapenzi wa magari ya kale.

Lakini barabara ya Kikopey si robo maili. Ina miteremko, ina malori mazito, na mvua za masika huilowesha lami kwa muda mfupi. Tairi lenye mifereji ya kutosha huyapa maji njia ya kutokea. Tairi laini halina njia hiyo: gari likienda kasi, maji hujikusanya mbele ya tairi, huliinua, na usukani pamoja na breki hupoteza nguvu. Tena mpira mwororo huisha upesi katika safari ndefu. Atakayeumia si mwenye gari peke yake, bali pia mtembea kwa miguu aliye kando ya barabara.

Mashindano ya nchi yetu yalifundisha somo hilo mapema. Safari, iliyoanza mwaka 1953, ilipita katika vumbi, mawe na matope. Mwaka 1968 mvua ilinyesha sana. Katika magari 93 yaliyoondoka, 7 tu yalimaliza, na Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff ikashinda. Huko ushindi haukuwa wa gari lenye kasi tu, bali wa gari lililoweza kuistahimili njia.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenye gari la kale aweza kuyahifadhi matairi laini kwa siku ya maonyesho au kwa uwanja wa mashindano uliokauka. Anapotoka kwenda Nakuru, na achague tairi lenye umbo la kale lakini lenye mifereji ya kutosha, lililotengenezwa kwa ajili ya barabara. Kufanya hivyo si kuidharau historia, ni kuielewa.